Upepo na Fundi Wake

Upepo ni mali ya ajabu. Hauna mlango wala kufuli, hauuzwi sokoni, wala hakuna mfalme awezaye kuutia kifungoni. Mabaharia wa pwani yetu waliujua kwa majina. Waliingoja kaskazi ilete majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, wakaingoja kusi iyarudishe makwao. Lakini fikiri jambo hili, msomaji: pepo hizo zilivuma juu ya bahari maelfu ya miaka kabla ya mtu wa kwanza kutweka tanga, na katika miaka hiyo yote hazikumfikisha mtu popote. Zikawa mali siku alipopatikana ajuaye kushona tanga, kusimamisha mlingoti na kushika usukani. Mali haikuwa katika upepo. Ilikuwa katika mikono ya fundi na nahodha.

Hoja yangu ya leo ni tawi la habari hiyo ya kale. Nasema kwamba nchi inunuayo mitambo ya upepo bila kuwafundisha vijana wake kuitunza haijapata mali ya upepo; imepata kodi ya kiwanja tu. Nasema tena kwamba mafunzo hayo hayawezi kutolewa kwa maneno na karatasi. Sharti yatolewe katika vyuo vya ufundi vilivyo karibu na mitambo, na sharti yatolewe kwa mtambo halisi. Wako wanaoyapinga maneno haya: wengine kwa dharau, wengine kwa uvivu wa kufikiri, na wengine kwa hoja nzito ipasayo kujibiwa kwa heshima. Nitawajibu wote kwa zamu.

Kwanza tutazame tulicho nacho. Katika Kenya, karibu sehemu tisa katika kumi za umeme wetu hutokana na nguvu zisizokwisha: mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Nchi nyingi tajiri hazijafika hapo. Juu ya vilima vya Ngong vinu viwili vya kwanza, vilivyotolewa kwa msaada wa serikali ya Ubelgiji, vilisimamishwa mwaka 1993. Baadaye mitambo ya hapo ikaongezwa mpaka kufikia uwezo wa megawati 25.5. Huko Kipeto, katika Kajiado, vinu 60 vyenye jumla ya megawati 100 vilianza kazi mwaka 2021. Na katika kaunti ya Marsabit, upande wa Loiyangalani, ambako upepo hupita kwa nguvu kati ya milima kuelekea Ziwa Turkana, vimesimama vinu 365, kila kimoja na kilowati 850, jumla yake megawati 310. Shamba hilo la upepo lilipofunguliwa rasmi mwaka 2019 lilihesabiwa kuwa kubwa kuliko mengine yote katika Afrika.

Shamba hilo lina funzo ambalo halifai kusahauliwa. Kinu cha mwisho kilisimamishwa Machi 2017, lakini njia ya kuupeleka umeme mpaka Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari mpaka Septemba 2018. Kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja upepo ulivuma, vinu vikakaa bure, na umeme haukufika popote. Hasara hiyo iliandikwa magazetini na kusemwa bungeni, kwa sababu waya usiokuwapo huonekana na kila mtu. Fundi asiyekuwapo haonekani. Hakuna agazetiye pengo lake. Hujulikana siku ile gia zinapovunjika, kinu kinaposimama, na wenye nchi wanapokaa chini ya mnara wakimngoja mtu ashuke katika ndege.

Vinu vyote 365 vya Loiyangalani vilitengenezwa na kampuni ya Vestas ya Denmark, na kazi ya kuvitunza ilikabidhiwa kampuni hiyo hiyo. Sisemi kwamba hakuna Mkenya apandaye minara hiyo. Wapo, na wanastahili sifa. Wala siilaumu kampuni kwa kuuza ustadi iliyo nao. Nauliza jambo jingine: Denmark, nchi isiyofikia hata sehemu ya kumi ya Kenya kwa ukubwa, iliupataje ustadi huo? Jibu lake ni aibu kwa wote wazidharauo shule ndogo.

Mwaka 1891, katika kijiji cha Askov, mwalimu mmoja aliyeitwa Poul la Cour alijenga kinu cha upepo cha kufanya umeme. Hakuwa tajiri wala mwenye kiwanda. Alikuwa akifundisha katika shule ya wananchi, yaani shule ya vijana wa mashambani ambao hawakutazamiwa kwenda vyuo vikuu. Serikali ilimpa fedha za majaribio, naye akaifanya shule iangazwe kwa nguvu ya upepo. Lakini kazi yake kubwa haikuwa kinu. Tangu mwaka 1904 alianzisha mafunzo ya mafundi wa umeme wa mashambani. Vijana wa wakulima walifika Askov, wakajifunza kufunga nyaya na kuendesha mitambo midogo ya umeme, kisha wakarudi kuitumikia nchi yao. Ilipofika mwaka 1918, vituo vya umeme vya mahali mbalimbali katika Denmark vipatavyo 120 vilikuwa na vinu vya upepo.

Miongoni mwa wanafunzi wa mwaka huo wa 1904 alikuwamo kijana wa miaka 17, jina lake Johannes Juul. Hakuwa mtu wa chuo kikuu. Akawa fundi wa umeme, na kazi hiyo akaishika maisha yake yote. Zaidi ya miaka 50 baadaye, mwaka 1957, kinu alichokibuni kilianza kazi mahali paitwapo Gedser: mapanga matatu, kilowati 200. Kilizunguka miaka kumi hivi kwa matengenezo machache. Mafuta ya petroli yalipopanda bei katika miaka ya 1970, watu walikirudia kinu hicho kama kielelezo. Seremala mmoja, Christian Riisager, akajenga vinu vidogo kwa kufuata mfano wake. Mhunzi Karl Erik Jørgensen na kijana Henrik Stiesdal nao wakabuni kinu chao, na mwaka 1979 kampuni ya Vestas ikapata haki ya kukitengeneza. Vestas yenyewe ilitokana na karakana ya mhunzi.

Sasa ufuate uzi huo, msomaji, kutoka Askov mpaka Loiyangalani. Utamkuta mwalimu wa shule ya kijijini, fundi wa umeme, seremala na mhunzi. Wataalamu wa vyuo vikuu walikuja nao, wakafanya kazi kubwa, lakini walikuta msingi umekwisha kuchimbwa. Leo karibu nusu ya umeme wa Denmark hutoka katika upepo, na mitambo yake huuzwa duniani kote. Sisi tulinunua tunda. Mti wenyewe ulipandwa darasani.

Mfano wa pili watoka Marekani, na ni wa miaka yetu. Nchi hiyo ina vyuo viitwavyo vyuo vya jamii. Masomo yake aghalabu ni ya miaka miwili, karo yake ni nafuu, na huwekwa karibu na watu ili mtoto wa mkulima, mama mwenye watoto na mtu aliyepoteza kazi waweze kusoma bila kuhama. Kikongwe chao, kilichoko Joliet katika Illinois, kilianza mwaka 1901. Mwanzoni mwa karne hii vinu vya upepo vilianza kuchipuka katika jimbo la Iowa, nchi ya mahindi na nguruwe, na watu wa kuvitunza wakahitajiwa. Mwaka 2004 chuo cha jamii kiitwacho Iowa Lakes, katika mji mdogo wa Estherville, kilianzisha mafunzo ya ufundi wa vinu vya upepo. Kisha kikafanya jambo ambalo ndilo kiini cha insha hii: kikasimamisha kinu chake chenyewe, mtambo mzima wa megawati 1.65, ili wanafunzi wajifunze juu yake. Chuo cha Mesalands, katika mji wa Tucumcari, New Mexico, nacho kikasimamisha chake cha megawati 1.5 mwaka 2008. Tangu mwaka 2020 zaidi ya nusu ya umeme wa Iowa hutoka katika upepo. Mashamba hayo ya mahindi hayakungoja mafundi washuke kutoka mbinguni.

Kwa nini nashikilia habari ya mtambo halisi? Tuingie ndani ya kinu tuone. Mapanga matatu huzunguka polepole. Vinu vya Loiyangalani huzunguka mara ishirini na kitu kwa dakika. Lakini jenereta huhitaji kuzunguka mara zaidi ya 1,500 kwa dakika. Baina yao pana sanduku la gia, ambalo hugeuza mwendo wa kobe kuwa mwendo wa swala. Pana breki, pana pampu za mafuta, pana mota za kukigeuza kichwa cha kinu kiuelekee upepo, na pana mitambo ya kuyapindua mapanga upepo unapozidi. Pana nyaya za umeme uwezao kuua, na kompyuta ya kuvisimamia vyote. Na upepo wenyewe si mpole: mwendo wake ukiongezeka mara mbili, nguvu iliyomo ndani yake huongezeka mara nane. Vitu vyote hivyo vimo katika chumba chembamba juu ya mnara wa zaidi ya mita 40.

Fundi hupanda huko kwa ngazi, mkanda wa usalama umemshika kifuani na mapajani. Kabla hajagusa kitu, hana budi kuuzima mtambo na kuufunga kwa kufuli, ili mtu aliye chini asije akauwasha. Hukaza bolti kwa kipimo, wala si kwa kukisia. Huchota mafuta ya gia yakapimwe kama yana chembe za chuma, kwa maana chembe hizo ni habari ya meno yanayolika. Husikiliza mlio, hunusa harufu ya kuungua, husoma makosa yaliyoandikwa na kompyuta. Na mwenziwe akizimia huko juu, ni juu yake kumteremsha kwa kamba akiwa hai. Je, ni kitabu gani kitakachomfundisha mtu mambo hayo peke yake? Mtu hajifunzi kuogelea kwa kuchorewa bahari ubaoni.

Ndiyo maana nasema kwamba chuo kitangazacho mafunzo ya upepo, kikapokea karo ya mzazi aliyeuza mbuzi, kisha kikamtoa mwanafunzi asiyewahi kupanda mnara, kimefanya udanganyifu. Udanganyifu huo si mdogo kuliko wa mwuza dawa atiaye maji ya kisima katika chupa. Wazee walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Cheti cha namna hiyo hata nta hakina.

Haya, na waje wapinzani.

Wa kwanza ni wenye dharau. Kwao chuo cha ufundi ni jaa la kutupia walioshindwa. Mtoto aliyepata alama za kuingia chuo kikuu hupigiwa vigelegele. Mwenziwe aendaye chuo cha ufundi huondoka alfajiri kama mwizi. Mwalimu humtisha mwanafunzi mvivu kwa kumwambia kwamba ataishia kushika spana. Shangazi husema kwa huruma, “Basi mwanangu, hata huko Mungu yupo.” Kwa maneno hayo madogo, yasemwayo kila nyumba, twaifisha kazi kabla haijazaliwa.

Dharau hii ina chanzo, na ni haki kukitaja. Wakati wa ukoloni, elimu ya kazi za mikono ilipendekezwa kwa Waafrika kana kwamba ndiyo iliyowafaa wao hasa. Tume ya Phelps-Stokes iliyopita Afrika Mashariki mwaka 1924 ilikuwa na mawazo ya jinsi hiyo. Wazee wetu waliingiwa na shaka kwamba wanapewa nyundo ili wanyimwe kalamu. Shaka yao ilikuwa na msingi. Lakini ubaya wa wakati ule haukuwa katika nyundo. Ubaya ulikuwa katika dari iliyowekwa juu ya kichwa cha aishikaye, ili asipande zaidi. Nasi tukiendelea kuidharau nyundo leo, twaitunza dari ile ile kwa mikono yetu wenyewe. Dawa yake ni kuitoboa: mwenye cheti awe na njia ya kufikia stashahada, na mwenye stashahada awe na njia ya kufikia shahada, bila kurudishwa mwanzo kama mtu asiyejua kitu. Johannes Juul alianza kwa waya, akamaliza kwa kubuni mtambo ulioigwa na ulimwengu. Nani athubutuye kumwita mtu huyo aliyeshindwa?

Wa pili ni wavivu wa kufikiri. Hao husema, “Ya nini kujisumbua? Mwenye kuuza mtambo ndiye atakayeleta mafundi.” Hao nawapeleka Olkaria. Mtambo wa kwanza wa mvuke wa ardhini ulianza kutoa umeme pale mwaka 1981, nao ulikuwa wa megawati 15 tu. Wakati ule ujuzi ulikuwa wa wageni. Lakini Kenya ilipeleka watu wake kusoma Iceland, katika mafunzo ya mvuke wa ardhini yaliyoanza huko mwaka 1979 chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, na hakuna nchi iliyopeleka wengi kuizidi. Wakasoma, wakarudi, wakachimba, wakakosea, wakajirekebisha, wakafundishana. Matunda yake ni kwamba kampuni yetu ya KenGen imepewa kazi ya kuchimba visima vya mvuke katika Ethiopia na katika Jibuti. Zamani tulinunua ujuzi huo, leo twauuza. Kama tungalisikiliza shauri la wavivu, tungalikuwa bado twangoja mgeni aje kutufungulia bomba.

Na hata katika upepo hatukuanza jana. Mjini Thika pametengenezwa vinu vya kuvutia maji kwa upepo, vijulikanavyo kwa jina la Kijito, vikafungwa katika sehemu kavu za nchi ili watu na mifugo wanywe. Basi asituambie mtu kwamba mikono ya Kenya haiwezi kufunga panga juu ya mnara.

Wa tatu ana hoja nzito, nami namvulia kofia. Yeye husema hivi: “Kinu cha upepo hujiendesha chenyewe. Watu wengi huhitajiwa wakati wa kujenga, nao huachwa kazi ikiisha. Wabakiao ni wachache. Mbona mnawatia vijana tamaa?” Tufanye hesabu bila kuogopa jibu. Marekani ina vinu zaidi ya 70,000. Mwaka 2022 mafundi wake wa vinu walikuwa kama 11,000. Maana yake fundi mmoja kwa vinu sita au saba. Idara ya takwimu za kazi ya nchi hiyo huitaja kazi hii miongoni mwa zikuazo kwa kasi kupita nyingine, na ni kweli. Lakini mche ukuao upesi bado ni mche. Tukichukua uwiano huo tukauleta kwa vinu vyetu, ambavyo ukijumlisha Ngong, Kipeto na Loiyangalani havifiki 500, tutaona kwamba mafundi wanaohitajiwa hawafiki mia moja.

Hesabu hiyo ni ya kukisia, lakini yatosha kumfunga mdomo mwanasiasa asimamaye jukwaani akawaahidi vijana maelfu ya kazi katika vinu. Mtu huyo anauza upepo, na kwa maana mbaya ya neno hilo. Kwa hiyo nakubaliana na mpinzani wangu wa tatu katika jambo moja: ni kosa kuanzisha mafunzo ya upepo katika kila chuo cha nchi. Chuo kimoja au viwili, karibu na minara, vyatosha kwa sasa, na hesabu ya wanafunzi ifuate hesabu ya kazi.

Lakini siungani naye katika hitimisho lake. Mtazame tena fundi tuliyemwona juu ya mnara. Anajua umeme, anajua gia na mafuta yake, anajua pampu, anajua kompyuta ya mitambo, anajua kufanya kazi juu sana bila kufa wala kuua. Mtu huyo akikosa kinu hakosi kazi. Wamhitaji mitambo ya mvuke ya Olkaria na mabwawa ya umeme ya mto Tana. Wamhitaji lifti za majumba marefu, winchi za bandari ya Kilindini, minara ya simu iliyojaa kila kilima, na viwanda vya chai. Wamhitaji mitambo ya jua, kama ile ya megawati 50 iliyofunguliwa Garissa mwaka 2019, na maelfu ya paa za nyumba zenye vioo vya kunasa jua, kazi ambayo kwa kanuni za mwaka 2012 yatakiwa kufanywa na fundi mwenye leseni. Mafunzo ya kinu ni shule ngumu, na mwenye kufuzu shule ngumu hufaa mahali pengi. Chuo chenye busara hakitamfundisha kijana kinu peke yake; kitamfundisha misingi ya mitambo na umeme, kisha kitampandisha mnarani ili misingi hiyo ijaribiwe.

Tena, mia moja si neno la kucheka. Mahali ambapo mali ya watu ni ngamia na mbuzi, na ukame huja ukaifagia kwa msimu mmoja, vijana ishirini wenye ufundi na mshahara wa kila mwezi ni ghala la jamaa ishirini. Mtoto wa Mrendille au Mturkana akilinda lango la uzio, huku fundi wa ndani akitoka mbali, atakua akiamini kwamba upepo wa kwao ni mali ya watu wengine. Akipanda mnara huo mwenyewe, au dada yake akipanda, hataambiwa tena hivyo akakubali. Nimemtaja dada kwa kusudi. Ngazi haiulizi apandaye ni mwanamume au mwanamke. Huuliza kama mkanda umefungwa vizuri.

Basi yatakiwa nini? Sitataja mengi. La kwanza, kila kampuni ipewayo ruhusa ya kusimamisha vinu vingi itakiwe kusaidia chuo cha ufundi cha jirani kupata mtambo wa kujifunzia: kinu kizima, au walau kichwa cha kinu kilichotolewa kazini, pamoja na mnara wa kufanyia mazoezi ya kupanda na kuokoana. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na thamani ya shamba zima la upepo. La pili, walimu watoke kazini. Mwalimu asiyepanda mnara tangu alipopata shahada yake apumzike, na fundi mwenye miaka kumi ya kazi akaribishwe darasani hata kama hana kofia ya mahafali. Tangu sheria ya mwaka 2013 nchi hii ina mamlaka ya kuvisimamia vyuo vya ufundi. Mamlaka hiyo inapokagua chuo, iulize kwanza mtambo uko wapi, kabla ya kuuliza faili ziko wapi. La tatu, nafasi za kwanza wapewe vijana wa mahali penye vinu, na asaidiwe yule ambaye shule yake haikuwa na maabara, maana kumfungulia mtu mlango bila kumwonyesha ngazi si kumkaribisha.

Nawe, msomaji wangu, una sehemu yako. Usidhani kwamba chuo cha ufundi ni kimbilio la mtu aliyekimbia hesabu. Nguvu ya upepo hupimwa kwa hesabu, umeme huenda kwa kanuni za fizikia, na vitabu vya mtambo huandikwa kwa lugha iliyo ngumu kwa msomaji mvivu. Anayeziacha elimu hizo darasani atazikuta zikimngoja mnarani, na huko hazina subira. Na siku utakapokwenda kutafuta chuo, usitazame rangi ya lango wala urefu wa jina lake. Uliza maneno matatu kabla ya kulipa karo: mtambo wa kujifunzia uko wapi, mwalimu amefanya kazi hiyo wapi, na waliomaliza mwaka jana wako wapi. Asiyeweza kukujibu, mwage kwa adabu uende zako.

Vinu vya upepo huundwa kwa ajili ya kazi ya miaka 20 hivi. Vile vya Loiyangalani vitaufikia umri huo karibu na mwaka 2038, na wewe usomaye leo utakuwa katika nguvu za utu uzima wako. Wakati huo itabidi mtu apande, afungue sanduku la gia, alikague panga kwa jicho na kwa mkono, kisha aseme: hiki kitengenezwe, hiki kibomolewe, hiki kibadilishwe kwa kikubwa zaidi. Fedha nyingi zitafuata neno lake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka cha mnarani sharti apande. Kama tutaanza leo kufundisha, neno hilo laweza kusemwa na mtu wa nchi hii. Tusipoanza, litasemwa na mgeni, nasi tutalilipia.